Trela ya filamu au tangazo la televisheni: uanze kusoma lipi kama unataka kujua kuediti

Anayejifunza kuediti video hufika mahali akahitaji kazi za wengine za kuziangalia kwa makini, maana kuijua programu ni jambo moja na kujua pa kukata ni jambo jingine kabisa. Kwa maoni yangu hakuna kazi fupi zilizojaa ufundi kama trela ya filamu, yaani ile video fupi ya kuitangaza filamu, na tangazo la televisheni. Zote zinapatikana bure mtandaoni, zote zinaisha ndani ya dakika mbili tatu, na zote zinataka kumtia mtu hamu ya kitu ambacho sekunde chache zilizopita hakuwa hata akikiwaza. Kwa sababu hiyo watu huziweka kapu moja, wakaamini kwamba ukiisoma hii umeimaliza na ile.

Sikubaliani nao. Trela inakufundisha kuchagua kutoka kwenye wingi, na tangazo linakufundisha kupanga kabla kamera haijawashwa. Ni stadi mbili tofauti, na mtu mwenye muda mchache anapaswa kujua ipi itamfaa kwa kazi aliyonayo mkononi.

Picha zinatoka wapi

Anayekata trela hajapiga picha hata moja. Kampuni za trela, nyingi zikiwa Los Angeles, huletewa picha zilizorekodiwa kila siku, mara nyingi filamu yenyewe ikiwa bado haijamalizwa. Ndiyo maana unaweza kuona shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) kali kwenye trela, ukaenda sinema ukaisubiri mpaka mwisho usiione: wakati trela inakatwa shoti hiyo ilikuwemo, ikatolewa baadaye. Mhariri huyu hakuchagua waigizaji, hakupanga taa, hakuandika mazungumzo. Ana saa nyingi za kazi ya watu wengine na anatakiwa atoe dakika mbili na nusu. Kipimo hicho kilikuwa mazoea Hollywood kwa miaka mingi, mpaka 2014 chama cha wenye majumba ya sinema Marekani kilipoomba zishuke ziwe dakika mbili.

Kwenye tangazo, kabla ya mtu kuandika hakuna kitu. Inaanza karatasi, inafuata storibodi iliyochorwa shoti kwa shoti, mteja anaipitisha, ndipo watu wanaenda kushuti. Sekunde 30 hazina nafasi ya kitu kilichoingia kwenye fremu kwa bahati. Kikombe kilichopo mezani kimewekwa. Kivuli kilichopo ukutani kimetafutwa. Hata mtu anayepita nyuma ameambiwa apite lini.

Trela moja na tangazo moja, kwa karibu

Chukua trela ya Alien ya mwaka 1979, filamu ya kutisha kuhusu kiumbe kinachovamia chombo cha angani. Hakuna neno hata moja linalotamkwa. Kuna weusi wa anga na kuna yai, na jina la filamu linajengeka polepole mbele yako, vistari vikiungana mpaka vinakuwa herufi. Kisha yai linapasuka na mwanga unatoka ndani. Baada ya hapo unaingia mlio unaojirudia, mkali kama king'ora, na picha zinaanza kufukuzana: watu wanakimbia, nyuso zina hofu, mashine zinawaka taa. Kiumbe chenyewe huonyeshwi sawasawa. Mwishoni yanakuja maandishi, kwamba huko angani hakuna atakayekusikia ukipiga kelele, na trela imekwisha.

Angalia mhariri alichokikataa. Alikuwa na mazungumzo ya waigizaji wazuri akayaacha. Alikuwa na hadithi ya wafanyakazi wa chombo cha mizigo wanaoamshwa usingizini akaiacha nayo. Alichobakisha ni kupanda kwa hofu, kutoka utulivu wa yai hadi ule mlio usiovumilika. Na lile yai halifanani na mayai unayoyaona ndani ya filamu. Walioandaa trela waliona kwamba hofu inahitaji picha moja rahisi ambayo kila mtu duniani anaitambua, wakaitumia. Mtu anayejifunza kuediti akiitazama trela hii mara kadhaa huku amezima sauti, kisha akaisikiliza bila kuangalia picha, ataelewa kwamba kasi ya mwisho inauma kwa sababu mwanzo ulikuwa wa taratibu mno.

Sasa chukua tangazo la Volkswagen lililotengenezwa Marekani na wakala wa matangazo DDB miaka ya mwanzo ya 1960, lile la gari kwenye theluji. Ni la rangi nyeusi na nyeupe. Alfajiri, theluji imejaa kila mahali, gari dogo linakwenda barabarani likiwa na taa tu gizani. Hakuna muziki. Hakuna sura ya mtu unayoiona vizuri. Gari linaendelea tu, linapita theluji nene, linafika mahali, dereva anaingia kwenye jengo. Ndipo sauti ya msimulizi inauliza, kwa utulivu kabisa, kama umewahi kujiuliza yule anayeendesha mtambo wa kusafisha theluji huwa anafikaje kwenye mtambo wake. Huyu anaendesha Volkswagen. Na ule mtambo mkubwa unatoka, unapita.

Tangazo zima limejengwa kuzunguka swali moja, na swali limecheleweshwa. Lingekuja mwanzoni, kila shoti baada yake ingekuwa maelezo. Kwa kuwa limekuja mwishoni, kila shoti uliyoiona inarudi kichwani ikiwa na maana mpya. Hakuna aliyekwambia kwamba gari ni imara, umelishuhudia mwenyewe. Huu ni ufundi wa mwandishi na mpangaji. Mkasi wa mhariri una kazi ndogo sana hapa, kwa sababu kazi ilishamalizwa mezani kabla theluji haijapigwa picha.

Kwa hiyo ukikaa na trela, jiulize walitupa nini. Ukikaa na tangazo, jiulize shoti hii ikiondolewa kitu gani kitavunjika. Kwenye tangazo zuri jibu ni: kila kitu.

Sauti

Hapa ndipo vijana wengi wanaojifunza kwa kuiga trela wanapopotea. Wanachokiona ni mshindo mzito, skrini kuwa nyeusi, mshindo tena, maandishi makubwa, wanabandika mtindo huo kwenye kila kitu mpaka video ya ufunguzi wa saluni. Mshindo ule una sababu. Trela hukatwa wakati mtunzi wa muziki wa filamu mara nyingi hajamaliza kazi yake, kwa hiyo muziki unaousikia umetoka kwingine, na ziko kampuni zinazotengeneza muziki wa trela peke yake. Muziki huo umegawanywa katika ngazi, mwanzo wa kimya, katikati inayopanda, kilele, ili mhariri apate pa kuegemea. Weusi ule wa katikati ni pumzi kabla ya ngazi inayofuata. Ukiuweka mahali ambapo hakuna kinachopanda, ni skrini iliyozimika tu.

Miaka ya nyuma ngazi hizo zilishikwa na sauti ya mtu. Don LaFontaine, Mmarekani aliyefariki 2008, aliingiza sauti kwenye trela zaidi ya 5,000, na sauti yake nzito ikawa ndiyo sauti ya sinema kwa watu ambao hawakuwahi kujua jina lake. Wasikilizaji wa Kiswahili tunaielewa nguvu hiyo kuliko wengi, kwa sababu tumekulia kwenye vibanda vya video ambako sauti ya msimulizi, Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya, ndiyo iliyojaza kibanda. Trela za sasa zimeiacha sauti hiyo kwa sehemu kubwa. Mstari wa mazungumzo kutoka ndani ya filamu unafanya kazi yake, au wimbo.

Kuhusu wimbo, hebu tafuta trela ya The Social Network ya 2010, kazi ya kampuni ya Mark Woollen. Kwaya ya wasichana kutoka Ubelgiji, Scala, inaimba taratibu wimbo wa bendi ya Radiohead, na kwa muda mrefu unachoonyeshwa ni picha za watu wa kawaida kwenye mtandao wa kijamii: harusi, watoto, watu kupenda na kupendwa. Waigizaji hawajatokea bado. Filamu inahusu kesi na ugomvi wa fedha, lakini kabla hujaujua ugomvi umeshausikia upweke. Baada ya hapo trela nyingi zilikimbilia nyimbo maarufu zilizopunguzwa kasi, na nyingi zimeshindwa kwa sababu zilichukua ule upole zikaacha ile picha ya upweke.

Kwenye tangazo sauti ni hesabu ngumu zaidi. Tangazo la mkate wa Hovis, Uingereza 1973, linaonyesha mtoto anasukuma baiskeli kupanda mlima wa mawe, Gold Hill katika mji wa Shaftesbury, huku bendi ya matarumbeta ikipiga muziki wa mtunzi Dvořák na sauti ya mzee ikikumbuka utoto wake. Muziki unapanda na mtoto, mtoto anashuka na muziki. Ukitoa sauti ya mzee, unabaki na mtoto mchovu. Ukitoa muziki, unabaki na mzee anayeongea.

Na sisi tunaotengeneza kwa Kiswahili tuna mtihani wetu. Maneno yetu yana silabi nyingi. Skripti ya sekunde 30 ikizidi maneno sitini hivi, msomaji anaanza kukimbia na uzuri wote unakwisha. Unaweza kulisikia tatizo hili kila siku kwenye matangazo yaliyopigwa nje yakawekewa sauti ya Kiswahili: bidhaa imeshaondoka kwenye skrini na sentensi bado inaendelea. Tiba yake ni kuandika Kiswahili kwanza, kukisoma kwa sauti ukiwa na saa mkononi, ndipo upange shoti. Jambo hilo trela haitakufundisha kamwe.

Ahadi inayotolewa

Trela inauza kitu ambacho mtu atakuja kukitazama kwa saa mbili, kwa hiyo ikisema sana inajiibia. Wapo wasiojali. Trela ya Cast Away ya mwaka 2000 ilionyesha wazi kwamba mhusika aliyekwama kisiwani anatoka akarudi nyumbani, na mwongozaji wake, Robert Zemeckis, alitetea jambo hilo kwa hoja kwamba watazamaji wanapenda kujua wanachokwenda kukiona. Huenda kwa upande wa tiketi ana haki. Kwa mwanafunzi wa ufundi, mimi naona ni mfano wa kuepuka: ukishatoa jibu, shoti zako zote za baharini zimepoteza swali.

Mfano wa kufuata ni wa zamani zaidi. Mwaka 1960 mwongozaji Alfred Hitchcock alitengeneza trela ya Psycho yenye zaidi ya dakika sita, na karibu yote ni yeye mwenyewe akitembea ndani ya moteli na nyumba ya filamu kama mwenyeji anayetembeza wageni. Anaonyesha ngazi, anaanza kusimulia kilichotokea pale, kisha anakatiza kwa sababu ni kibaya mno kukisema. Anaingia bafuni na kusema pameshasafishwa. Anashika pazia, analivuta, na mwanamke anapiga ukelele. Mwanamke huyo ni Vera Miles aliyevaa wigi. Si Janet Leigh anayeoga ndani ya filamu. Dakika sita za kukatiza sentensi, na mtazamaji anaondoka na njaa.

Utaona hapo kwamba Hitchcock alipiga picha mpya kabisa kwa ajili ya trela. Alifanya tangazo. Mpaka kati ya kazi hizi mbili unavukika, na aliyeuvuka kwa mafanikio makubwa kutoka upande wa pili ni mwongozaji Ridley Scott. Tangazo la Hovis ni lake, Alien ni yake, na mwaka 1984 aliongoza lile tangazo la Apple la sekunde 60 lililorushwa tarehe 22 Januari katikati ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani: umati wa wanaume waliovaa kijivu, uso mkubwa unahubiri kwenye skrini, mwanamke anakimbia na nyundo anairusha. Kompyuta ya Macintosh iliyokuwa ikitangazwa, yenyewe haionekani hata mara moja. Ni tangazo lililojengwa kama trela, linaahidi na kujizuia. Bodi ya Apple haikulipenda lilipoonyeshwa kwao kwanza, na naelewa kwa nini, maana mteja aliyelipa anataka bidhaa yake ionekane. Ukianza kufanya matangazo utakutana na mteja wa aina hiyo wiki ya kwanza.

Uvumilivu wa kushuti

Siwezi kuacha Cog, tangazo la gari la Honda Accord lililorushwa Uingereza Aprili 2003, chini ya mwongozaji Antoine Bardou-Jacquet. Kwa dakika mbili vipande vya gari vinasukumana kimoja baada ya kingine: kidude kinabingirika, kinagonga kingine, wipa zinatambaa sakafuni zenyewe, tairi zinapanda mteremko. Tairi zinapanda kwa sababu ndani yake mlifichwa uzito. Walirudia kurekodi mamia ya mara, na kile unachokiona ni vipande viwili vya karibu dakika moja vilivyoungwa pale kipande cha eksozi kinapobingirika sakafuni. Kuna mkato mmoja tu, nao umefichwa. Wasanii wa Uswisi Fischli na Weiss, waliotengeneza filamu ya vitu vinavyosukumana mwaka 1987, walilalamika kwamba wazo limetoka kwao, na ukiziangalia zote mbili utaona walikuwa na sababu ya kulalamika.

Nimeweka mfano huu kwa ajili ya wale wanaodhani kuediti ni wingi wa mikato. Hapa uamuzi mkubwa wa mhariri ulikuwa kutokukata.

Majina

Jambo dogo, lakini litakusaidia unapotafuta. Waongozaji wa matangazo wanajulikana kwa majina. Matangazo yana tuzo zake, Cannes Lions, tangu 1954, na ukitafuta jina moja unapata kazi zake zote. Wahariri wa trela karibu wote hawatajwi popote, hata tuzo za trela za Golden Trailer Awards zilizoanza 1999 hazijawafanya wafahamike mtaani. Kwa trela, fuata majina ya kampuni.

Uchague lipi

Kama kazi inayokulisha ni harusi, send-off, semina, mahafali, mikutano ya kampuni, soma trela. Wewe hali yako ni ileile ya mhariri wa Los Angeles: unaletewa picha za kamera mbili tatu ulizozikuta zimeshapigwa, nyingine hazina fokasi, na familia inataka dakika tatu za kupeleka WhatsApp. Tafuta sentensi moja katika hotuba ya baba wa bibi harusi inayoweza kubeba video nzima, iweke mapema bila sura yake, na picha ya uso wake uibakishe mpaka mwisho. Hiyo ni mbinu ya trela kabisa. Usimwage keki, pete na machozi ndani ya dakika ya kwanza.

Kama unashuti mwenyewe, kwa duka, mgahawa, saluni au shule, soma matangazo, na uyasome ya zamani yaliyotengenezwa kabla ya kompyuta kurahisisha mambo. Chukua la sekunde 30, liandike upya kwenye karatasi shoti kwa shoti: kamera iko wapi, inadumu sekunde ngapi, sauti gani inasikika. Halafu lijenge upya kwa simu yako na vitu vya nyumbani. Utagundua haraka kwamba shoti uliyoidhani rahisi ina mkono uliofika kwenye fremu kwa wakati wake hasa, na kwamba mtu aliyeiongoza aliurudia mkono huo mpaka ukafika.

Na kama bado hujajua utafanya kazi gani, nakushauri tangazo kwanza. Trela inavutia zaidi, lakini ili uone uhodari wake sharti uwe umeitazama filamu nzima ujue kilichotupwa, na mwanafunzi anayeanza na trela mara nyingi anaondoka na kelele zake tu. Tangazo la sekunde 30 liko lote mbele yako, hakuna kilichofichwa nje ya skrini. Ukishaweza kueleza kila shoti ya tangazo moja kwa nini ipo, rudi kwenye trela ya filamu unayoijua vizuri, uandike orodha ya matukio makubwa ambayo mhariri alikuwa nayo mkononi na hakuyagusa.

Kwa asiye na mpango wa kuediti, anayetaka tu kutazama kwa jicho lililofunguka, mpangilio ni huohuo, na sehemu ya kuanzia ni lile gari la kwenye theluji. Litazame mara ya kwanza bila kusimamisha. Mara ya pili lisimamishe kabla msimulizi hajaanza kuongea, ujiulize mpaka hapo unadhani linauza nini.